Stola Iliyofunga Jeraha

Mwanangu Padri,

Shikamoo kwanza. Hiyo ni shikamoo ya mtoto wa kaka yako, ipokee kabla sijaendelea, kwa sababu kuanzia mstari unaofuata naandika kama mama yako.

Najua utacheka. Lakini wewe ndiye uliyeanza. Nilipozaliwa nikapewa jina la mama yako, Skolastika, na tangu hapo hujawahi kuniita kwa jina. Ni "mama" tu, hata nilipokuwa natambaa. Siku ya upadrisho wako nilikuwa na miaka kumi. Bibi alikuwa ameshafariki, na kiti cha mama wa padri mpya kilikuwa kitupu pale mbele, kimetandikwa kitambaa cheupe. Shangazi Yustina alikuwa ameshajiandaa kukikalia. Ukakataa. Ukasema watu wote wakisikia, "Mama yangu yupo, amejificha jikoni." Nikatolewa na masizi yangu mikononi, wakanizungushia kitenge mara mbili kwa ukubwa wake, nikakalishwa. Ulipokuja kunipa baraka yako ya kwanza nikajifunika uso wote kwa kitenge, na wewe ukakibariki kitenge. Kanisa zima lilicheka.

Nimekaa na aibu ile miaka minane. Kesho ukiondoka nataka nikutazame usoni, na ili niweze, lazima haya yawe yamekwisha kusemwa. Kwa mdomo siwezi, unanijua. Kwa hiyo naandika.

Nimekaa nyuma ya ghala, juu ya gunia la ulezi, mwanga bado upo. Upepo unavuma ule wa mwezi wa saba unaopenya hata sweta mbili. Kule mbele nawasikia mnakunywa na kucheka, na Shangazi anakufokea kuhusu soksi. Mambo ya soksi, vidonge vya malaria na nani umpigie ukifika Mbeya nawaachia wao, wanayaweza. Mimi nina jambo moja tu, na linaanzia kwenye lile daftari nililokupa.

Wiki niliyomaliza mtihani wa kidato cha sita ulinipigia simu. Ulisema umeteuliwa kuwa padri wa jeshi, na kwamba utafuatana na kikosi kinachokwenda kulinda amani nchi ya watu. Ukasema, "Mama, seminari walinifundisha kanisa lenye paa na kengele. Askari akiwa vitani anasali wapi? Anasali nini? Hakuna aliyenifundisha. Huko nyumbani kuna wazee waliokwenda vita vya Kagera. Nitafutie, waulize, uniandikie."

Baba alikuwa amekaa karibu, simu iko kwenye spika. Akasema, "Huyu? Huyu hata dukani anamtuma mwenzake."

Ukamjibu, "Ndiyo maana namtaka huyu."

Sijui kama unajua ulinifanyia nini siku ile. Nilinunua daftari kubwa, nikachora mistari kwa rula, nikaandika maswali ishirini na mawili. Swali la kwanza jina, la pili umri, la tatu dhehebu. Nilidhani utafiti ni kujaza mistari.

Mzee wa kwanza alikuwa Mzee Kalisti, yule fundi baiskeli wa barabara ya sokoni. Nilisimama mbele yake nikamsomea maswali, macho kwenye daftari. Nilipofika la sita akaweka spana chini.

"Mjukuu wangu, nimekamatwa?"

"Hapana, babu."

"Maana unaniuliza kama polisi. Hebu kaa kwenye hilo tairi. Unasema padri wa jeshi? Nilimwona. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la risasi anakula muhogo wa kuchoma."

"Alihubiri nini?" Hilo lilikuwa swali la saba.

"Sikumbuki hata neno moja. Nakumbuka alikuwa anatuandikia barua. Wasiojua kuandika walipanga foleni, Wakristo, Waislamu, wote. Ukimwambia maneno yako alikuwa hakutazami usoni. Anatazama buti zako mpaka umalize. Basi mtu anasema mpaka yale ambayo hakukusudia."

Nilifurahi sana kusikia hivyo, mwanangu, maana mimi maisha yangu yote natazama viatu vya watu na nilidhani ni kasoro tu.

Baada ya hapo wengine walikuwa rahisi. Yule Msukuma mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake nimemwandika vizuri, ukurasa mzima, lakini sijui kama daftari linabeba namna alivyosema. Wakati wa vita alikuwa hajabatizwa. Kwenye handaki alikaa na Mkatoliki mmoja, na mizinga ikianza yule mwenzake alikuwa anataja litania ya watakatifu. Yeye hakuwa na watakatifu, basi akataja majina ya babu zake, mmoja baada ya mwingine, mpaka wale asiowajua vizuri. Akaniambia, "Tulikuwa tunapokezana. Wa kwake wakiisha, naanza wa kwangu. Siku nyingine wa kwake waliisha haraka, nikamwazima wangu."

Nilicheka mpaka nikasahau swali la tisa. Tangu hapo sikusoma tena maswali. Na hapo ndipo kiburi kikaniingia. Nikajiona mtafiti.

Mwisho nikateremka bondeni. Kijiji sikitaji, ila ni mbele ya Kaoze. Mzee niliyemfuata huko pia simtaji jina, na utaona kwa nini. Kabla ya jeshi alikuwa katekista. Niliteremka na gari la asubuhi nikiwa na sweta, chini nikalivua kwa joto. Mke wake alinikaribisha vizuri mno, mwanamke wa maneno na vicheko. Mzee alinitoa nje, tukakaa kwenye kivuli cha nyumba, akanieleza kwa utulivu, kana kwamba alikuwa ananingoja.

Padri wao aliugua akarudishwa nyuma. Alipoondoka alimwachia yeye mfuko wake, kwa kuwa alikuwa katekista, akamwambia autunze. Siku chache baadaye wakaletewa kijana wa kikosi kingine, paja limechanika, damu haikatiki, na bandeji zilikuwa zimekwisha. Mzee akafungua mfuko wa padri akatoa kitambaa kirefu chembamba kilichokuwa juu, akafunga nacho jeraha. Kilikuwa stola ya zambarau.

Wewe huhitaji kuelezwa. Kila aliyekulia kwenye benchi za kanisa huku kwetu anajua padri akiivaa shingoni ile ya zambarau pembeni mwa kanisa maana yake anaungamisha. Kijana alipoiona akamshika Mzee mkono, akaanza kuungama.

"Hukumwambia kuwa wewe si padri?" nilimuuliza.

"Nilifungua mdomo mara mbili. Nikimtazama nashindwa. Akasema yote, mpaka mwisho. Halafu akangoja. Unaelewa? Akangoja, ananitazama. Maneno ya padri niliogopa kuyagusa. Nikamwambia neno moja tu, 'Umesamehewa.' Akafumba macho kama mtu aliyefika kwao. Gari lilipokuja alikuwa ameshafariki."

Tangu arudi nyumbani Mzee hajapokea Komunyo. Ukatekista aliuacha. Misa haikosi hata Jumapili moja, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, wenzake wakipanga mstari yeye anabaki ameshika kofia. Kijijini wamekwisha kuamua kwamba ana mke wa siri Kabwe, kule ziwani. Hata mke wake humtania, "Mwenzangu wa Kabwe hajambo?" Na Mzee hucheka naye, maana uongo huo ni mwepesi kuubeba.

Sasa sikia nilichofanya. Mzee wa watu ametoka kusema jambo ambalo hata mkewe halijui. Nami nikageuza ukurasa mpya, nikaweka kalamu tayari, nikamuuliza:

"Huyo kijana alikuambia nini?"

Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alivaa kofia yake, akasimama, akasema, "Mjukuu, gari litakuacha." Gari lilikuwa halijafika hata. Nilikaa barabarani saa nzima, na mke wake akanifuata na karanga za kuchemsha, ananiuliza mbona nimeondoka bila kula.

Nilipofika nyumbani nikaandika yote, pamoja na jina lake na la kijiji. Kesho yake nikaona aibu nikachana ukurasa. Ndiyo maana daftari ulilopokea lina kurasa zilizolegea katikati. Ulinisifu mbele ya watu wote, ukasema hakuna chuo ambacho kingekufundisha vile. Nikatazama viatu vyako. Kila mtu akadhani ni haya zangu za kawaida.

Nikueleze kitu kingine ambacho hukijui. Nikiwa kidato cha tatu, rafiki yangu mmoja aliadhibiwa kwa kuvunja hadubini ya maabara. Mimi nilikuwa nimeona aliyeivunja. Mwalimu aliuliza darasa zima, "Nani ameona?" Mkono sikuunyosha, nikanyamaza. Rafiki yangu alilima eneo la shule wiki mbili, na nilipokwenda kumsaidia alinipa jembe. Watu wamenisifu maisha yangu yote kwa kunyamaza. "Mtoto mtulivu," wanasema. Lakini kule maabara nilinyamaza kwa woga, na kule bondeni, mahali pa kunyamaza, nikasema. Na ukurasa nilipouchana nilirudi kwenye woga uleule. Ungeondoka kesho bila kujua, na yule mzee angebaki kwenye benchi lake, kwa sababu mimi naona aibu.

Kwa hiyo Jumamosi nilipowaambia nakwenda kumsalimia mwenzangu wa shule, niliteremka tena bondeni. Nisamehe uongo huo.

Mzee hakuwepo, alikuwa shambani. Mke wake alikuwa na kilima cha karanga mbele yake. Nikakaa, nikaanza kubambua. Nilibambua tangu saa nne mpaka jua likawa juu ya vichwa. Yeye ndiye aliyeongea kwa niaba yetu wawili. Mzee aliporudi akanikuta pale, mke wake akamwambia, "Huyu mtoto wako haongei, anabambua tu. Tumwozeshe hapahapa, asirudi kwenye baridi yao."

Mzee akavuta kigoda, akachukua karanga naye. Tulibambua muda mrefu. Mke wake alipokwenda kwa jirani kuazima ungo, akaniuliza:

"Lile daftari liko wapi?"

"Nimeliacha nyumbani, babu."

"Na kalamu?"

"Na kalamu."

"Basi leo umekuja."

Nikamwambia nilikosea kuuliza. Akasema, "Ulikosea." Akaendelea kubambua. Kisha akasema, "Lakini mimi mwenyewe sijui niyafanye nini maneno ya yule kijana. Padri ana mahali pa kuyaweka. Mimi sina. Nimeyabeba tu mkononi miaka yote, kama mtu aliyeshikishwa mzigo na mwenyewe asirudi."

Sikusema kitu. Safari hii sikunyamaza kwa woga, mwanangu, na ndiyo mara ya kwanza kuona tofauti.

Akasema, "Labda unadhani naogopa adhabu. Mimi kwa upande wangu siogopi nitakaloambiwa. Naogopa nikimweleza padri, aniambie yule kijana hakusamehewa. Aliondoka anaamini amesamehewa, na aliyemwambia ni mimi. Nikiambiwa siyo, nitakwenda kukaa wapi? Nikaona bora nisiulize."

Nikamwambia kwamba wewe unaondoka Jumatano.

"Huko anakokwenda kuna vijana?"

"Wengi, babu."

"Mwambie abebe bandeji za kutosha kwenye huo mfuko wake."

Nikasema nitakwambia. Mke wake alikuwa anarudi, tunamsikia anacheka na mtu njiani. Mzee akapangusa maganda magotini.

"Au nimwambie mwenyewe," akasema.

Mwanangu, yupo hapa. Yule mzee aliyeshuka kwenye gari la saa nane, mwembamba, amevaa shati tu anatetemeka, ambaye Baba alimvika sweta lake la kijani, ndiye. Umemsalimia mwenyewe, ukamwita babu, ukampa kiti karibu na meza, naye akakwambia anaona vizuri zaidi akikaa pale mlangoni. Shangazi ameniuliza ni nani, nikasema ni mzee niliyembambulia karanga. Ni kweli. Ameleta na nyingine, kafungashiwa na mke wake, ambaye anadhani amekuja hospitali kutibiwa macho.

Ameleta pia kopo la maziwa ya unga. Amenipa mimi nilishike kwa kuwa anasema mkono wake unaweza kurudi nalo bondeni. Nitaliweka chini ya mto wako, juu ya barua hii. Ndani yake mna stola. Imefuliwa mara nyingi, rangi imekwisha, ina doa moja ambalo halikutoka. Padri mwenye mfuko alipopona alipelekwa kikosi kingine, mfuko ulirudishwa kwa wakubwa, ila hii Mzee hakuweza kuirudisha ilivyokuwa, na hakuweza kuitupa.

Hajakutuma umjibu kwa barua, wala hajanituma nimwombee. Ameniambia ataamka mapema, atakuwa hapa nyuma ya ghala, kwenye gunia hilihili nililokalia. Ukitaka kuja, uje. Usipokuja, atapanda gari lake atashuka, na hatakulaumu. Hayo ndiyo maneno yake. Ya kwangu ni kwamba uje.

Sheria za kanisa sizijui, wewe umezisoma. Inawezekana kuna neno kwenye vitabu vyako ambalo angepewa miaka ile akawa amepona zamani, na inawezekana lipo lingine gumu. Sikufundishi. Ninachokuomba kama mama ni kwamba usianze na hayo. Mtazame buti. Hana buti, amevaa kandambili na soksi za Baba, basi zitazame hizo. Mwache amalize, na akimaliza mwache angoje kidogo, ili ujue yeye alijisikiaje yule kijana alipomngoja. Nadhani huko unakokwenda utangojwa hivyo mara nyingi.

Daftari langu lina kurasa nzuri, na nakuomba uende nalo. Lakini kama litalowa mvua ukabaki na kitu kimoja, kibaki hiki cha benchi la nyuma. Wazee wote niliowauliza walinionyesha jinsi askari anavyosali. Huyu peke yake ndiye aliyenionyesha jinsi anavyorudi nyumbani.

Mimi sina huzuni, ukitaka kujua. Nilidhani jioni ya leo nitalia, na badala yake nasikia njaa. Matokeo yangu yatatoka yatakavyotoka. Nimegundua naweza kuteremka bondeni peke yangu, kumwomba mtu msamaha na kurudi, na sikulijua hilo wakati nachora mistari kwa rula. Sasa Shangazi ananiita nikapakue, na mwanga wenyewe unaisha.

Asubuhi, kabla ya gari, utatuadhimishia Misa hapa uani. Nimemwambia Baba aniwekee kiti cha mama pale mbele. Wakati wa Komunyo sitageuka kuangalia nani amekuja kwenye mstari na nani amebaki ameshika kofia. Na hata ukinipigia simu kutoka huko mbali, tukaongea mpaka salio liishe, sitakuuliza alikuambia nini.

Ukija kunibariki, kitenge nitakuwa nimekifunga kiunoni.

Mama yako,
Skolastika